Majibu ya Ajabu Kutoka Kisima cha Uchunguzi: Dalili na Vyanzo, kwa Wanaochimba Mtwara na Lindi

Karatasi ya maabara ikisema maji yana mafuta, watu huacha kisima siku hiyo hiyo. Pembezoni mwa mji wa Mtwara niliyesababisha hilo ni mimi. Tulichimba kisima cha uchunguzi, yaani cha kupimia maji ya ardhini, hatua chache kutoka kisima cha familia moja, nikachukua sampuli, majibu yakaja na mafuta, na mama mwenye nyumba akaanza kununua maji kwa dumu. Miezi mitatu baadaye tukagundua kwamba mafuta yale yalitoka kwenye kompresa ya mtambo wetu. Nilirudi kumwambia. Akaniuliza, "Sasa mwanangu, hizo hela za madumu nani atanirudishia?" Sikuwa na jibu, na swali lile bado ninalo.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi: karatasi inasema maji safi, watu wanaendelea kunywa, kumbe petroli inaelea mita moja juu ya matundu ya bomba lako.

Ndiyo maana kila jibu nisilolielewa nalikagua kwa mpangilio mmoja. Kwanza mkono na chupa. Kisha bomba na shimo. Kisha bahari na msimu. Sheli au choo cha jirani huja mwisho. Dalili zinazofuata ni zile ninazokutana nazo zaidi kati ya Kilwa na Mto Ruvuma.

Maabara imeona mafuta, na karibu hakuna sheli wala gereji

Anza na hewa. Mtambo unaochimba kwa upepo hutegemea kompresa, na kompresa nyingi hulainishwa kwa mafuta. Chujio lake likichoka, ukungu wa mafuta unasukumwa pamoja na hewa hadi chini na kujipaka kwenye kuta za shimo. Ziba mdomo wa mpira wa hewa kwa kitambaa cheupe kwa dakika chache kabla ya kuanza kazi. Kikitoka na doa, usichimbe kisima cha uchunguzi kwa kompresa hiyo mpaka irekebishwe.

Baada ya hewa, tazama grisi inayopakwa kwenye nyuzi za rodi za kuchimbia. Halafu jenereta: aliyejaza petroli asubuhi ndiye aliyeshika chupa mchana, kwa glavu zile zile. Halafu gari: dumu la dizeli na deli la sampuli vimekaa pamoja nyuma ya pikapu kutoka Nanyamba hadi mjini. Na kama maabara imetaja viyeyusho vya ajabu badala ya mafuta, uliza mabomba ya PVC yaliunganishwa kwa nini. Gundi ya fundi bomba huachia viyeyusho ndani ya maji kwa muda mrefu, hivyo kwa visima hivi tumia mabomba ya kukaza kwa nyuzi tu.

Kuvitofautisha si kazi ngumu ukiomba maabara ikupe mchoro wa kipimo, si namba peke yake. Petroli huonekana kwa vitu vyepesi, benzini na ndugu zake. Mafuta ya kompresa huonekana kama kilima kimoja cha vitu vizito, bila vile vyepesi. Tena uchafu ulioletwa na mchimbaji hupungua kila unapovuta maji na kurudi. Uchafu uliomo ardhini unarejea pale pale. Siku hizi, kabla mtambo haujawashwa, nachukua chupa ndogo ya mafuta ya kompresa, grisi kidogo, na lita moja ya maji tutakayochimbia. Naziandika tarehe na kuzihifadhi. Kama ningekuwa nazo ile siku, mama yule asingenunua dumu hata moja.

Shimo linanuka petroli, lakini maabara inasema hakuna kitu

Hapa amini pua yako kwanza, ila usiitumie kama kipimo: mvuke wa benzini una madhara, na kuinama juu ya shimo na kuvuta pumzi ni hatari. Harufu ikikujia ukiwa umesimama, inatosha.

Benzini ni nyepesi mno na hutoroka. Ukiimimina sampuli kutoka kwenye ndoo kama unavyomimina chai, umeipunga hewani ikaondoka. Chupa ya vitu hivi ni ile ndogo ya mililita 40, hujazwa taratibu ukingoni mpaka maji yapande kama kuba, kisha hufungwa bila kubakiza hata kiputo kimoja. Igeuze kichwa chini uigonge kwa kidole. Ukiona kiputo, chukua nyingine. Ndani yake iwe na tone la asidi, iwekwe kwenye barafu mara moja, na ipimwe maabara ndani ya siku 14. Udongo nao usiutie kwenye mfuko wa nailoni ukasubiri kivuli. Joto la Lindi saa nane mchana linaweza kumaliza ushahidi wako kabla hujafunga fundo.

Kama chupa zilijazwa sawasawa, tazama skrini, yaani ile sehemu ya bomba yenye matundu, imewekwa wapi. Petroli na dizeli huelea juu ya maji. Skrini ikianza mita mbili chini ya uso wa maji, unavuta maji yaliyo chini ya uchafu na kuyaita salama. Kwa uchafu unaoelea, skrini lazima ivuke uso wa maji, ianzie juu yake na kuishia chini yake. Kusini tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili hivi, kwa hiyo kisima kilichopimwa vizuri mwezi wa kumi, maji yakiwa chini kabisa, kinaweza kuzamisha skrini yake yote ifikapo mwezi wa nne. Maji yakipanda, mafuta hunaswa katikati ya chembe za mchanga na kubaki huko, kisima kinatoka "safi", na kiangazi yanarudi. Jibu moja la masika halimsafishi mtu yeyote. Rudi wakati wa kiangazi.

Kwa kulinganisha, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa benzini katika maji ya kunywa ni maikrogramu 10 kwa lita. Kiasi hicho kinaweza kupotea kwa umiminaji mbovu tu.

Maji yana chumvi

Hili ndilo swali la pwani yetu, na ndilo linalotolewa majibu ya haraka kuliko yote. Mtu akionja chumvi husema "bahari imeingia", mjadala unafungwa. Bahari ni mtuhumiwa mmoja tu. Wengine ni mashamba ya chumvi, vyoo vya shimo, tabaka za zamani za mfinyanzi zilizowekwa chini ya bahari, na maji ya kuchimbia uliyoyateka kwenye mkono wa bahari kwa sababu boza lilichelewa.

Kwanza elewa ni kiasi gani kinatosha. Maji ya bahari yana kloraidi, sehemu kubwa ya chumvi, kama miligramu 19,000 kwa lita. Asilimia 2 tu ya maji hayo ikichanganyika na maji matamu inavusha kloraidi juu ya miligramu 250, kiwango ambacho ulimi huanza kulalamika. Maji matamu, kwa kuwa ni mepesi, hukaa juu ya maji ya bahari ardhini, na kwa kila mita moja ambayo uso wa maji matamu umepanda juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Hesabu hiyo ina upande mchungu. Pampu ikishusha uso wa maji nusu mita na kuuacha hapo, mpaka wa chumvi unaelekea kupanda mita 20. Kisima kilichokuwa kitamu mwaka jana kimegeuka bila mtu kumwaga chochote.

Mikindani nilimkuta mzee ameketi karibu na kisima chake cha mawe. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu. Umekuja kupima leo? Leo bamvua, utapata chumvi. Njoo maji mafu." Bamvua ni siku bahari inapojaa na kupwa sana, maji mafu ni siku inapofanya hivyo kidogo. Nilikuwa na kipimo cha kisasa mkononi, na yeye ndiye aliyejua. Kwenye matumbawe yenye mianya, kisima hupanda na kushuka na bahari, ambayo siku za bamvua hujaa na kupwa kwa zaidi ya mita tatu. Sampuli mbili za kisima kimoja, moja ya bamvua na moja ya maji mafu, zinaweza kuonekana kama visima viwili tofauti. Andika saa ya kuchukua sampuli na hali ya bahari kwenye fomu. Fomu nyingi hazina nafasi hiyo, iandike pembeni.

Ili kujua chumvi ni ya nani, usipime kloraidi peke yake. Omba pia bromaidi, salfeti na naitreti. Katika maji ya bahari, kloraidi ni kama mara 290 ya bromaidi kwa uzito. Chumvi tunayokula imepoteza sehemu kubwa ya bromaidi yake wakati wa kukauka shambani, hivyo maji ya vyoo na mashimo ya majitaka huwa na uwiano mkubwa zaidi ya huo, na mara nyingi huambatana na naitreti. Maji machungu yanayobaki baada ya chumvi kukusanywa ndiyo yaliyobeba ile bromaidi, kwa hiyo yakivuja kutoka shambani uwiano hushuka chini ya ule wa bahari. Kwa naitreti, mwongozo wa maji ya kunywa ni miligramu 50 kwa lita, na anayeumia kwanza ni mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya chupa kwa maji hayo.

Salfeti ina hadithi yake huku kwetu. Baharini ni kama asilimia 14 ya kloraidi. Ukipata salfeti nyingi na kloraidi kidogo, bahari haihusiki. Tazama juu, kwenye mikorosho. Wakulima hupuliza salfa ya unga dhidi ya ubwiri unga kila msimu wa maua, na inayoanguka chini hugeuzwa na bakteria wa udongo kuwa asidi na salfeti. Mchanga wetu mwekundu hauna nguvu kubwa ya kuizuia asidi hiyo. Pima pH ya udongo wa juu (7 ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni kama magadi) chini ya miti na nje ya shamba, kisha linganisha. Simlaumu mkulima, bila salfa mkorosho ulioshambuliwa haumlipi. Lakini salfeti hiyo isiandikwe kwa jina la kiwanda, wala la bahari.

Mwisho, shusha kipimo cha umeme wa maji (chumvi ikizidi, umeme hupita zaidi) ndani ya kisima polepole, ukisoma kila mita. Chumvi inayoanza ghafla chini inaashiria maji mazito yaliyo kitako. Iliyo nyingi juu na kupungua chini inatoka kwenye uso wa ardhi.

Risasi, alumini na chuma vyote viko juu kwa pamoja

Tazama chupa. Kama maji yana tope, umepima tope. Asidi inayowekwa kuhifadhi sampuli huyeyusha metali zilizogandamana na chembe za mfinyanzi, na maabara huzihesabu kana kwamba zilikuwa ndani ya maji. Alumini ndiyo inayokufichulia siri: kwenye maji yenye pH karibu na 7, alumini iliyoyeyuka huwa kidogo sana, hivyo ikiwa juu ujue ni udongo. Chini ya mikorosho iliyopulizwa miaka mingi uwe mwangalifu zaidi, maana pH ikishuka chini ya 5 alumini huyeyuka kweli.

Tope hutoka wapi? Kisima hakikusafishwa baada ya kuchimbwa, au matundu ya skrini ni makubwa kuliko mchanga ulioko nje, au unavuta kwa fujo. Mchanga wa ukanda huu ni laini. Chagua changarawe ya kuzungushia bomba baada ya kuuona mchanga uliotoka shimoni, si kabla. Kisafishe kisima kwa kupandisha na kushusha pistoni ya kusukuma maji ndani ya bomba, ukivuta mpaka yatakate, kisha kiache kitulie siku kadhaa.

Wakati wa sampuli, kuna njia mbili. Ya zamani ni kutoa ujazo wa kisima mara tatu. Bomba la milimita 50 hubeba kama lita 2 kwa kila mita ya maji, kwa hiyo mita 12 za maji ni lita 24, na mara tatu ni lita 72, madumu manne kasoro. Ya pili, ninayoipendelea, ni kuvuta chini ya nusu lita kwa dakika, pampu ikiwa katikati ya skrini, ukisoma pH, joto, oksijeni na upitishaji umeme kila dakika chache. Masomo matatu mfululizo yakikubaliana, pH ndani ya 0.1 na umeme ndani ya asilimia 3, jaza chupa. Kwa metali chukua mbili: moja iliyochujwa hapo hapo kwa chujio la maikromita 0.45 kabla ya asidi, na moja isiyochujwa. Tofauti kati yake ndiyo tope lako.

Chuma kikiwa juu pamoja na zinki tu, kwenye kisima cha pampu ya mkono, kagua mabomba ya mabati yaliyomo kabla ya kuandika neno "uchafuzi".

pH imefika 11 au zaidi

Ni saruji. Imepenya kwenye changarawe kwa sababu kizibo cha bentonaiti (mfinyanzi unaovimba ukilowa) kilichopaswa kuwa kati yake na skrini ni chembamba, au hakikupewa muda wa kuvimba. Vuta maji, rudi baada ya wiki. Isiposhuka, kisima hicho hakifai kwa metali, kichimbwe kingine.

Udongo wa mita 6 ni mchafu, wa mita 4 ni safi

Inawezekana, hasa kama tangi la chini ya ardhi lilivuja kitako. Lakini mara nyingi ni shimo lililoporomoka. Mchanga mkavu haushikani. Unapotoa keke, yaani chombo cha kutobolea, na kuirudisha, ule wa juu umeshadondoka chini na ndio unaoupandisha ukidhani ni wa mita 6. Tupa sentimita kumi au zaidi za juu za kila sampuli, shusha bomba la kuzuia kuta kadiri unavyochimba, na osha vifaa kati ya kina na kina: sabuni isiyo na fosfeti, maji safi, kisha maji yaliyochemshwa na kukusanywa kwa mvuke. Maji ya mwisho ya kuoshea yajaze chupa, yapeleke nayo maabara.

Huko Newala na Tandahimba, juu ya Uwanda wa Makonde, maji yako mbali sana chini, na kuna kishawishi cha kusema uchafu hautafika. Mchanga wa kina kirefu huuchelewesha tu. Usitoboe tabaka la mfinyanzi linalouzuia ukaliacha wazi. Hapo shimo lako ndilo litakalokuwa njia yake. Tabaka la juu lizibwe kwa bomba na saruji kwanza, ndipo uendelee na keke ndogo zaidi.

Kwenye matumbawe karibu na bahari mambo ni kinyume: maji hupita kwenye mianya, na visima viwili vilivyoachana mita kumi vinaweza kutoa majibu yasiyofanana kabisa bila yeyote kukosea.

Bakteria wa kinyesi kwenye kisima kirefu

Mkono, kamba, tope la kuchimbia, na mdomo wa kisima usiozibwa kwa saruji. Tia klorini, vuta mpaka harufu yake iishe, rudi baada ya siku chache. Bakteria wakirudi, tafuta choo na nyufa. Wasiporudi, waliletwa na kazi yenu. Kama klorini bado imo, chupa iwe na dawa ya kuivunja, la sivyo itawaua wadudu njiani na utapewa jibu zuri la uongo.

Muda ndio adui mkubwa. Sampuli hii inataka kuanza kupimwa ndani ya saa 6, na ikishindikana isivuke 24, ikiwa kwenye baridi bila kuganda. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Lindi, hakuna basi lililofika. Bakteria wapimwe hapa hapa, kwa kifaa cha kubebeka kama maabara ya karibu imejaa. Deli la kwenda Dar libebe metali na mafuta.

Ramani inaonyesha maji ya ardhini yanatiririka kurudi bara

Ulipima usawa wa maji wa kisima cha kwanza bahari ikiwa imejaa na wa cha tatu ikiwa imekupwa. Pima vyote ndani ya saa moja, rudia saa sita baadaye, na chora ramani ya wastani. Visima visipungue vitatu, wala visipangwe mstari mmoja. Mstari haukuambii maji yanaelekea upande gani. Midomo yake ipimwe na mpima ardhi kutoka alama moja. Kosa la sentimita kumi, kwenye pwani tambarare, linatosha kumgeuza mtuhumiwa kuwa mlalamikaji.

Umekagua yote na namba imebaki pale pale

Chukua sampuli ya pili yenye nakala yake, isiyotajwa kwa maabara kuwa ni nakala. Zikikubaliana, usisubiri ripoti ichapwe. Nenda kwa mwenye kisima siku hiyo, umweleze kwa maneno ya kawaida ni kitu gani, kiasi gani, na kama kuchemsha kutasaidia: kwa bakteria kunasaidia, kwa naitreti na chumvi kunazidisha, na mafuta yanapanda na mvuke jikoni mwake. Kisha ipeleke taarifa Bodi ya Maji Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini, iliko Mtwara, pamoja na michoro ya visima, saa za bahari na zile chupa za kompresa ulizozihifadhi siku ya kwanza. Na kabla hujaondoka uani kwake, ulizia maji ya kesho asubuhi yatatoka wapi.